Kabla ya kulehemu transista, pima miguu yake



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za malaria, za kuchemsha maji na za kuvaa kofia ya kazi. Leo somo letu ni juu ya kitu kidogo kama punje ya hindi, cheusi, chenye miguu mitatu ya waya. Jina lake ni transista. Imo ndani ya redio yako, ndani ya chaja ya taa ya kichwani, ndani ya king'ora kinachotuonya kabla ya baruti. Mtaniuliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini ndani ya redio? Mimi niliingia katika habari hii kwa mlango wa kidonda.

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi kwenye machimbo mengine, si haya yetu. Saa tisa ya mchana ndiyo ilikuwa saa ya baruti, na kabla yake mtu alitembea na kipaza sauti cha mkononi chenye king'ora. Siku moja king'ora kile kilinyamaza. Kapita mmoja, mtu mwenye mikono mizuri na anayependa kusaidia, akakifungua jioni nyumbani kwake. Akaona transista moja imeungua, akanunua sokoni nyingine ya umbo lile lile, akailehemu katika matundu yale yale. King'ora kikalia. Kililia kidogo, sawa na mtu aliyetoka homa, lakini kililia. Akasema mawe yake yamechoka, atanunua mengine siku ya posho.

Kesho yake kijana mmoja alikuwa nyuma ya kilima, amebeba miti ya kuegemeza shimo. Hakusikia kitu. Jiwe liliruka juu ya kilima likampiga kwenye shavu la mguu. Nilimshona nyuzi saba. Kama angekuwa amepiga hatua mbili mbele, ningekuwa naandika barua kwa familia yake, si kushika sindano.

Kapita aliweka mawe mapya. Sauti haikubadilika. Hapo ndipo alipotoa transista ile na kuniletea dispanseri, akiomba niipeleke kwa fundi nitakapokwenda mapumziko, maana alijua natoka Lwiro.

Wenye kujua Bushi wanajua kwa nini. Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na Katana, ni mahali pa vyombo vya kupimia. Ndipo ilipojengwa IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni kituo cha CRSN. Wataalamu wake hupima matetemeko ya ardhi, na sote tunakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba Bukavu. Mwaka ule ule wa 1947, mwezi wa Desemba, katika maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifanya transista ya kwanza ifanye kazi. Mwaka 1956 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mkubwa wao William Shockley. Sisi watoto wa Lwiro tulikua tukifikiri kwamba kila mzee mwenye bisibisi alifundishwa huko. Mzee niliyemwendea ni jirani yetu tu, fundi wa redio. Lakini alinifundisha somo hili, nami nawapa.

Transista inafanya nini

Fikiri juu ya valvu ya pampu ya maji. Mkono mdogo unazungusha valvu, na maji mengi yanapita. Transista ni valvu ya umeme. Mguu mmoja unaitwa besi, herufi B, nao ndio mkono wa valvu. Mguu wa pili ni kolekta, herufi C. Wa tatu ni emita, herufi E. Umeme mdogo ukiingia kwenye B unafungua njia ya umeme mwingi kati ya C na E. Ndivyo sauti ndogo ya mdomo inavyokuwa sauti kubwa ya kipaza sauti.

Ziko za aina mbili, NPN na PNP. Ni valvu zile zile, ila umeme unapita kwa upande ulio kinyume. Huwezi kuweka PNP mahali pa NPN, na kwa nje hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho.

Ugumu wa pili ni huu: watengenezaji hawakupatana juu ya mpangilio wa miguu. Chukua transista ndogo ya plastiki, uso wake bapa ukutazame, miguu ikielekea chini. BC547 inasomeka kutoka kushoto C, B, E. 2N3904 inasomeka E, B, C. 2SC1815 ya Kijapani, ambayo mara nyingi huandikwa C1815 tu, inasomeka E, C, B. Zote tatu ni NPN, zote zina sura moja kama watoto wa mama mmoja. Mwenye duka huziweka katika kikopo kimoja, na maandishi yake mara nyingi yamefutika. Ndiyo maana tunapima.

Kwanza usalama

Ondoa mawe au betri kabla ya kufungua chombo. Mwenye kuanza aanze na vyombo vya mawe tu. Televisheni, na mashini zile zinazogeuza umeme wa betri kuwa volti 220, zina kondensa zinazoweka umeme hata baada ya kuzima, na umeme huo unaweza kuua. Nimemwona mtu aliyetupwa ukutani na chombo kilichokuwa kimechomolewa. Vyombo vya namna hiyo waachieni waliojifunza.

Toa transista kwenye ubao wake, isipimwe ikiwa bado imelehemiwa. Rezista na vitu vingine vilivyo kando yake vinapitisha umeme wa kipimo, navyo vitakudanganya. Ukiisha kuitoa, iache juu ya meza dakika chache ipoe. Sababu ya kungoja nitaieleza mbele.

Kupima mara sita

Multimita ya namba inauzwa hata katika maduka madogo ya Bukavu. Chomeka waya mweusi kwenye tundu la COM, na mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V na ohmu. Usichomeke kwenye tundu la ampea 10. Zungusha kitufe hadi alama ya dayodi, ile inayofanana na mshale uliogonga ukuta. Gusanisha ncha mbili: kioo kionyeshe sifuri au karibu. Ukiziachanisha kitaonyesha 1 upande wa kushoto, au OL. Maana yake hakuna njia.

Sasa ipe miguu namba: 1, 2, 3 kutoka kushoto, uso bapa ukikutazama. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa. Miguu mitatu ina jozi tatu, na kila jozi inapimwa mara mbili, nyekundu huku nyeusi kule, kisha kinyume. Ni mara sita jumla. Wengi wanapima mara mbili au tatu, wakiona namba imetokea wanaridhika. Sisi wa dispanseri tunajua mchezo huo: mgonjwa anasema kichwa kinauma, unampa kidonge bila kumpima joto.

Hivi ndivyo nilivyoandika kwa ile ya king'ora:

Nyekundu kwenye 2, nyeusi kwenye 1: 0,672.
Nyekundu kwenye 2, nyeusi kwenye 3: 0,667.
Nyekundu kwenye 1, nyeusi kwenye 2: hakuna njia.
Nyekundu kwenye 3, nyeusi kwenye 2: hakuna njia.
Kati ya 1 na 3, pande zote mbili: hakuna njia.

Transista nzima inatoa namba mara mbili tu kati ya sita. Tazama mguu ambao uko katika namba zote mbili. Hapa ni mguu wa 2. Huo ndio B. Kisha tazama ni rangi gani iliyougusa mguu huo wakati namba zilipotokea. Ikiwa ni nyekundu, ni NPN. Ikiwa ni nyeusi, ni PNP. Hii yetu ni NPN.

Namba zenyewe ni volti. Kwa transista za siku hizi, za silikoni, zinakaa kati ya 0,5 na 0,8. Ukikuta 0,2 au 0,3 katika redio ya zamani, usiitupe: huenda ni ya jerimani, kama AC128, nayo ni nzima. Ukipata sifuri au karibu yake kati ya miguu yoyote, imeungua ndani na miguu imeshikana. Usipopata namba yoyote mara zote sita, njia imekatika, au kitu ulichoshika si transista ya aina hii.

Hapa mafundi wengi wanaacha. Wamejua B, wamejua ni NPN, wanalehemu. Hapa pia ndipo kapita wetu angeacha kama angepima, kwa sababu B ya transista ya zamani na B ya mpya zote zilikuwa katikati.

Kutofautisha C na E

Tazama tena zile namba mbili: 0,672 na 0,667. Zinakaribiana lakini si sawa. Mguu uliotoa namba kubwa zaidi ni E, uliotoa ndogo ni C. Hii ni kwa sababu emita hutengenezwa kwa kuchanganywa dawa nyingi zaidi kuliko kolekta. Kwa hiyo transista yetu ilikuwa E, B, C.

Tofauti ni elfu tano tu za volti, na hapa ndipo joto linapoharibu kazi. Kila digrii moja ya joto ikiongezeka, namba hushuka karibu elfu mbili za volti. Vidole vyako vina joto, na asubuhi ya Lwiro meza huwa na digrii 18 au chini. Ukiishika transista kwa vidole wakati wa kupima, namba zinakimbia chini mbele ya macho yako, na unaweza kugeuza C kuwa E bila kujua. Mara ya kwanza mimi nilipata jibu la kinyume. Mzee alicheka.

"Munganga, umempa homa mgonjwa, halafu unampima!"

Kwa hiyo ilaze juu ya kipande cha ubao, guza kwa ncha tu, na rudia namba hizo mbili mara tatu.

Kama multimita yako ina kitundu cha mviringo kilichoandikwa hFE, kitumie kuhakikisha. Chagua upande wa NPN, ingiza B kwenye B, na miguu mingine kama unavyodhani. Soma. Kisha badilisha C na E, soma tena. Nafasi iliyo sahihi hutoa namba kubwa, mara nyingi zaidi ya 100 kwa transista hizi ndogo. Nafasi ya kinyume hutoa namba ndogo sana. Yetu ilitoa 180 upande mmoja na 6 upande mwingine.

Wasomaji, tusimame hapa kidogo. Iliyogeuzwa ilitoa 6, haikutoa sifuri. Transista iliyowekwa C mahali pa E haifi palepale. Inaendelea kufanya kazi, lakini kwa nguvu ya mtoto. Ndiyo maana king'ora kililia, na ndiyo maana kapita aliamini amemaliza. Kama kingenyamaza kabisa, hakuna ambaye angewasha baruti siku ile. Tena kati ya E na B haistahimili umeme wa kinyume unaopita volti 5 au 7 hivi, na king'ora kinachotumia volti 12 kinaweza kuivunja polepole hadi ife siku usiyoitegemea.

Kwenye ubao wa king'ora, kapita aliponionyesha baadaye, ziliandikwa herufi kando ya matundu: C, B, E. Ilitosha kugeuza uso bapa utazame upande wa pili. Dakika tano za kazi.

Kipimo cha mshale

Wazee wetu wengi wana multimita ya zamani yenye mshale. Ni chombo kizuri, lakini kina mtego mmoja. Siku ile mzee alipima kwa chake, akaniambia ni PNP. Mimi nilipima kwa changu, nikasema NPN. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Kumbe sote tulisoma vizuri. Katika multimita nyingi za mshale, unapopima ohmu, betri ya ndani imeungwa kinyume: waya mweusi ndio unaotoa chanya, na mwekundu ni hasi. Mzee alijua hilo; alitaka kuona kama mimi ninajua. Mwenye kipimo cha namna hiyo achukue dayodi moja anayoijua, yenye mstari upande wa hasi. Mshale ukienda wakati nyeusi iko upande usio na mstari, kipimo chake ni cha kinyume, naye asome rangi kinyume siku zote. Aandike juu ya kifuniko kwa rangi ya kucha ya mkewe, kama mzee alivyofanya. Tena asitumie kipimo cha juu kabisa cha ohmu, kwani mara nyingi kinatumia betri ya volti 9 au zaidi.

Zisizofuata somo hili

Zile kubwa za chuma zenye umbo la almasi, kama 2N3055, zina miguu miwili tu kwa sababu mwili wenyewe ni C. Zile za plastiki zenye bamba la chuma lenye tundu, mara nyingi bamba ni C, pamoja na mguu wa katikati. Basi bamba hilo lisiguse chuma cha chombo bila karatasi yake ya kuzuia. Transista mbili zilizounganishwa katika mwili mmoja, zinazoitwa Darlington, hutoa kati ya B na E namba inayokaribia mara mbili ya kawaida. Na katika mashini za kugeuza umeme wako jamaa wengine wanaoitwa mosifeti. Hao wana sura ya transista lakini wanapimwa kwa njia nyingine. Tutawapa siku yao.

Maandishi, kama bado yanasomeka, yanasaidia. Za Kijapani zinazoanza na 2SA au 2SB ni PNP, na 2SC au 2SD ni NPN. BD139 ni NPN, na mwenzake BD140 ni PNP. Lakini hata ukisoma jina, pima.

Juu ya lehemu na watoto

Hapa nasema kama mtu wa dispanseri. Waya wa lehemu ni bati, bati ile ile inayotoka katika kasiterite tunayoichimba Kivu. Lakini lehemu nyingi za sokoni zimechanganywa na risasi, mara nyingi bati 60 na risasi 40 kwa mia. Moshi mweupe unaopanda si wa risasi, ni wa utomvu uliomo ndani ya waya. Unawasha macho na kuamsha pumu. Fungua dirisha. Risasi yenyewe inaingia mwilini kwa mikono: unashika waya, kisha unashika ugali. Kwa mtoto hata kiasi kidogo kinadhuru akili. Kwa hiyo usilehemu juu ya meza ya chakula, usishike waya kwa meno, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na mama asifagie mabaki pamoja na ya jikoni, ayakusanye katika kikopo chenye kifuniko. Mawe madogo ya mviringo ya saa nayo yasiachwe mezani. Mtoto akimeza moja, usingoje kesho. Mlete hospitali saa hiyo hiyo, kwani linaweza kuchoma koo lake kwa muda wa saa mbili.

Kijana niliyemshona alirudi kazini baada ya majuma matatu. King'ora kilipopata sauti yake, kapita aliomba jambo moja kwa wakubwa, nalo likakubaliwa. Tangu hapo, kila siku kabla ya baruti, mtu mmoja alipanda hadi njia ya nyuma ya kilima akiwa na kitambaa chekundu. King'ora kililia kwa kujaribiwa. Kama kitambaa hakikuinuliwa, waya wa baruti haukuunganishwa.